Sentimeta Nne

Siku dada yule alipoingia dukani na kuulizia selotepu, zile pana za kufungia maboksi, nilimwuliza anataka ngapi.

"Zote mlizonazo," akasema.

Nikamtazama juu mpaka chini. Mimi nauza steshenari Tandika, ndugu msomaji. Nimezoea watu wa kalamu moja na bahasha mbili, mtu anatoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa ukurasa mmoja na bado anaomba apunguziwe. Sasa huyu anataka selotepu zote! Nikawaza, ama kuna mtu anahama, ama kuna mzigo ambao polisi wangependa sana kuuona. Tulikuwa nazo thelathini na sita. Akalipa, akadai risiti, akauliza kama kesho zitakuja nyingine.

"Samahani dada," nikashindwa kuvumilia, "unafunga nini?"

"Watu," akajibu, akatoka na mfuko wake.

Basi bwana, mtu anayeota kuwa mwandishi ukimjibu hivyo umemmaliza. Nilifunga duka saa kumi na mbili jioni nikaenda kumtafuta.

Nijieleze kidogo kabla sijaendelea. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yalivyokuja, tuyaache. Mchana nauza madaftari, usiku nayajaza. Nina riwaya ambayo mpaka wakati ule ilikuwa imekwishakula kaunta buku tatu, na mhusika wangu mkuu ni msichana ambaye, kwa mujibu wa ukurasa wa kwanza, ana umbo la namba nane, shingo ya mikunjo, macho ya kurembua na mwendo wa madaha. Najua mnacheka. Chekeni, lakini kila mmoja wenu ana msichana wa namna hiyo kwenye daftari lake, na kama hana basi ana kijana mrefu mwenye kifua kipana.

Mimi mwenyewe nachechemea. Nilianguka kutoka kwenye mkorosho kwa bibi yangu, Mkuranga, nikiwa darasa la tatu, mfupa wa paja la kushoto ukavunjika. Ulikuwa msimu wa mvua, barabara imekatika, hakuna gari. Mama akanipeleka kwa fundi wa mifupa wa kijijini, akanifunga kwa vijiti vya mianzi, nikalala chali wiki nyingi sana. Mfupa ukaunga, sina ubishi, ila uliunga umepandana. Toka hapo mguu wa kushoto ni mfupi. Fundi viatu wangu hunibandikia kipande cha tairi chini ya sendozi ya kushoto. Mtaani naitwa Kiguru na Njia, maana pamoja na mguu wangu huo situlii nyumbani. Jina lenyewe wala silichukii. Lakini katika picha zote nilizowahi kupigwa nimekaa, au nimesimama nyuma ya mtu.

Nilimkuta yule dada kwenye chumba alichokodi nyuma ya mashine ya kusaga. Alisomea sanaa Bagamoyo, akafanya kazi za hapa na pale, na sasa alikuwa amepata kibali cha mtaa cha kuweka masanamu kumi na mawili kwa wiki tatu kituoni, pale watu wanapongojea daladala. Masanamu ya watu wanaongoja daladala. Yatengenezwe kwa miili ya watu wenyewe wa pale pale, na yote kwa selotepu nyeupe ile inayopitisha mwanga. Alikuwa anahitaji msaidizi mwenye mikono mepesi. Nikamwambia kazi yangu ni kukata karatasi na kubandika, mikono mepesi kuliko yangu aitafute wapi?

Akanionyesha kwenye simu kazi za Mmarekani mmoja, Mark Jenkins. Huyu mwaka 2003, akiwa Rio de Janeiro, alianza kutengeneza vitu na watu kwa selotepu na kuviacha mitaani. Baadaye akawa anawavika suruali, viatu na kofia, ukipita huwezi kujua: mtu kaegemea ukuta kainamisha kichwa, unasogea umwulize kulikoni, kumbe hamna mtu. Mwaka 2018 huko London masanamu 84 ya namna hiyo yalisimamishwa kwenye kingo za mapaa ya majengo ya kituo kimoja cha televisheni, moja kwa kila mwanamume aliyekuwa akijiua Uingereza kwa wiki moja, kwa hesabu ya wakati ule. Niliitazama ile picha mpaka simu ikazima.

Yapo na ya zamani zaidi. Kuna Mmarekani mwingine, George Segal, ambaye tangu mwaka 1961 alikuwa akiwafunga watu kwa bandeji za plasta, zile zile za hospitali ambazo sisi tunaita kufungwa muhogo, anaacha zikauke, anazikata, anaziunganisha tena. Masanamu yake mojawapo yalikuwa abiria wanaosubiri, yakawekwa ndani ya stendi kubwa ya mabasi ya New York. Dada aliponisimulia hayo nilicheka peke yangu. Mimi niliyevunjika kweli sikupata muhogo, na watu wazima Marekani wanafungwa muhogo huku hawajavunjika!

Na Pompeii je? Ule mji wa Italia uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Miili iliyofukiwa ilioza ikaisha, yakabaki matundu yenye maumbo ya watu ndani ya majivu yaliyogandamana. Mwaka 1863 bwana mmoja, Giuseppe Fiorelli, akaanza kumimina plasta ndani ya matundu yale, ikiganda wanachimbua, anatokea mtu amejikunja kama alivyokufa. Dada alisema sisi kazi yetu ni kinyume chake, sisi tunatengeneza tundu lenyewe. Nikaiandika kauli hiyo nyuma ya risiti.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi hudhani unamzungushia mtu selotepu kama unavyofunga boksi la kwenda mkoani. Thubutu! Ukimfunga hivyo nywele za miguu zitatoka zote, na ngozi juu. Mzunguko wa kwanza unaigeuza selotepu: upande wa gundi unatazama nje, ule mkavu ndio unaogusa nguo na mwili. Mzunguko wa pili unaigeuza kawaida, gundi inatazama ndani, inakutana na gundi mwenzake, zinang'ang'aniana. Wa tatu na wa nne ni wa kuongeza ugumu. Na unakata vipande vifupi vifupi, urefu wa kiganja, unavipanga kama vigae, hasa gotini na kwenye kifundo cha mguu, maana ukizungusha huku unavuta unamkaba mtu damu. Kisha unapasua kwa mkasi wa nesi, ule wenye ncha butu, kwa upande wa nyuma, mtu anachomoka kama njugu inavyotoka kwenye ganda. Ganda unaliziba kwa selotepu nyingine. Hapo una mguu. Mkono. Kiwiliwili.

Dada alikuwa na masharti na hakutaka mzaha. Shingoni hatufungi. Usoni hatufungi kabisa. Kifua tunafunga mtu akiwa amevuta pumzi, na mmoja wetu lazima awe na mkasi mkononi muda wote. Kila kipande kisizidi nusu saa, maji na mrija pembeni. Si mchezo, joto la Dar mnalijua, na ndani ya ile nailoni mtu anachemka kama ndizi sufuriani. Jasho nalo ni adui, likipenya tu kwenye gundi hakuna kinachoshika, tukawa tunawapaka watu poda kama watoto wachanga.

Kwa kuwa nyuso hatukufunga, vichwa vyote kumi na viwili tulivitoa kwenye kichwa kimoja, kile cha plastiki cha kuwekea mawigi, tulichoazima saluni ya jirani. Kwa hiyo sura ilikuwa moja kwa wote, tena si sura, pua tu na kidevu. Niliona ni kasoro kubwa. Nani atamjua nani?

Wa kwanza alikuwa mzee fundi saa. Tulimfunga amekaa kwenye kigoda chake, tukaanzia miguuni, na tulipofika mapajani alikuwa amekwishalala. Dada akanifanyia ishara ya kimya. Tukaendelea kumfunga amelala, mabega yameshuka, mgongo umejipinda kama anaitazama saa ndogo isiyoonekana, viganja vimekaa magotini vimefunguka. Tulipomwamsha na kumtoa, tukaunganisha ganda na kuliweka kwenye kigoda, kijana wa chaja aliyekuwa anapita mlangoni akachungulia na kusema, "Shikamoo mzee." Akaitikiwa na mzee mwenyewe kutoka nyuma ya pazia alikokuwa anavaa shati. Yule kijana alikimbia, nawaambieni, hakurudi siku mbili.

Konda alitusumbua. Hawezi kusimama wima hata dakika moja, mwili wake umezoea kuning'inia mlangoni. Mwishowe dada akamwacha ashike bomba la dirisha kwa mkono mmoja na kutoa kiuno nje, na hivyo ndivyo alivyotoka, ukimwona tu unataka kutoa nauli. Alikuwapo pia mama mjamzito, mke wa muuza mkaa. Mumewe alikuja kusimamia kazi, akakaa mlangoni, kila tukiweka kipande anauliza, "Haibani hiyo?" Tumbo tulilifunga kwa mbele tu, legelege, bila kuzungusha. Ganda lile lilipotoka, dada alilishika juu kwenye mwanga wa dirisha na hakuna aliyesema neno, hata yule mume.

Zamu yangu ilifika Jumapili. Kwa wanawake tulikuwa tunafunga mlango na pazia, wanawake watupu, nguo ya kubana juu na chini. Nikasimama. Dada akachuchumaa na selotepu yake, akanitazama, akainuka tena.

"Simama unavyosimama."

"Si nimesimama?"

"Umesimama unavyopigwa picha. Mimi nataka unavyosimama kituoni."

Kumbe alikuwa ameniona. Nina ujanja wangu wa siku zote: nakunja goti la kulia kidogo, nyonga zinakuwa sawa, mtu asiyejua hajui. Nikalinyoosha. Nyonga ya kushoto ikashuka mahali pake, bega la kulia nalo likashuka kidogo kuweka mizani, kichwa kikafuata. Akanifunga hivyo. Alipofika kwenye lile paja hakuuliza chochote, ila vipande alivikata vidogo zaidi.

Waliponipasua na kunitoa, upepo ulinipiga kama nimetoka kuoga. Magamba ya miguu yangu miwili yalikuwa yamelala sakafuni bega kwa bega. Sijui niseme nini ili mnielewe. Mguu wangu nimeuishi miaka yote, lakini sikuwahi kuuona. Kila nikiutazama nautazama kutoka juu, nikiwa ndani yake. Siku ile niliuona kama unavyoona mguu wa mtu mwingine, umelala kando ya mwenzake, umekoma kabla ya mwenzake.

Magamba yalikuwa yanalala stoo ya duka letu, kwa hisani ya bosi, na ufunguo ninao mimi. Usiku wa Jumatatu, baada ya kufunga, nilijifungia ndani na futi ya fundi cherehani. Nikapima. Sentimeta nne. Nikachukua kisu cha kukatia karatasi, nikaukata ule mguu wa kushoto katikati ya paja, kukata kwa mviringo, taratibu. Kisha nikatengeneza pete ya selotepu yenye upana wa sentimeta nne, kwa kuzungushia kwenye paja langu mwenyewe juu ya taiti, nikaipachika katikati, nikaunganisha juu na chini. Mkono haukutetemeka. Nilikuwa na furaha, kwa nini nidanganye? Nilikuwa namfanyia yule mtu wa nailoni kile ambacho fundi wa Mkuranga hakukiweza, na sikutumia hata saa moja.

Dada alipokuja kuunganisha, sanamu langu lilisimama wima bila kujazwa kitu cha kulisawazisha. Kiwiliwili bado kilikuwa na ule mwinamo wake, lakini juu ya miguu iliyo sawa kikaonekana kama cha msichana anayeringa. Dada akalizunguka mara moja. Akapitisha kidole kwenye paja, pale penye mishono miwili. Akanitazama, akaenda kuchota mchanga wa kujazia nyayo. Hakusema kitu siku ile wala siku nyingine.

Tuliyaweka kituoni alfajiri ya Jumamosi. Asubuhi ile Tandika palikuwa patamu! Wengine wakasema ni tangazo la kampuni ya simu. Wengine, kama kawaida yetu, Frimasoni. Mzee mmoja akatushika mashati akidai plastiki imepigwa marufuku, na ni kweli serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ikabidi dada amweleze kwamba selotepu si mfuko na kwamba tumeandikishwa kuondoa kila kipande. Lakini kilichonishangaza ni hiki: watu waliwatambua. Wenye kichwa kimoja cha wigi wote, na watu wakawatambua! "Fundi saa huyo, kalala tena." "Konda, shusha!" Mke wa muuza mkaa alitambuliwa kwa jinsi anavyoshika kiuno kwa nyuma. Usiku taa za magari zikipita zinapenya ndani yao, wanawaka na kuzimika, na alfajiri ukungu unakuwa umeganda ndani ya vifua kama pumzi.

Langu hakulitambua mtu. Vijana wa kijiweni walilipa jina, Miss Tandika. "Huyu mtoto kasimama bwana, cheki pozi!" Nikawa napita pale makusudi, nasikiliza sifa zangu huku nachechemea, na hakuna aliyetutazama sisi wawili kwa pamoja. Siku mbili nilikuwa juu mawinguni. Siku ya tatu nilifungua kaunta buku nikasoma riwaya yangu kutoka mwanzo, na nikagundua jambo moja la ajabu: msichana wangu wa namba nane, katika kurasa zaidi ya mia tatu, hajawahi kupanda daladala hata mara moja. Anaishi Dar es Salaam. Anafanya kazi mjini. Kila sura anafika tu. Mimi najua kupanda daladala ni nini, unaanza na mguu wa kulia, mkono wa kushoto unashika bomba, unajivuta, konda anakusukuma mgongoni, na usipowahi unabaki. Nayajua yote hayo kwa mwili, na sikumpa hata robo yake.

Siku ya nne alikuja Mama.

Mama anauza vitumbua, asubuhi nyumbani, jioni anatembeza. Alikuja na beseni lake kichwani, akasimama mbele ya masanamu, akaanza kuyataja kimoja kimoja kwa kidole, fundi saa, konda, mke wa muuza mkaa, mwanafunzi wa jirani. Akacheka kwa lile la konda. Kisha akauliza, "Wewe uko wapi?"

Nikamwonyesha.

Akalitazama. Akashusha beseni kabisa chini, akalizunguka, akarudi mbele.

"Huyu si wewe."

"Ni mimi Mama. Nilifungwa mimi, hata dada ukimwuliza."

"Mimi ndiye niliyekuzaa na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukiwa na miaka tisa. Huyu si wewe." Akainama kuchukua beseni, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Wenzio wote wamewekwa walivyo. Hata yule mwenye tumbo. Wewe ndiye wamekuonea aibu?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Laiti ningesema pale pale. Alikuwa amekwishajitwisha, anaondoka, hakungoja hata aliyekuwa anamwita anunue vitumbua vya mia tano.

Usiku hatukuzungumza. Ule mguu hatuuzungumzii nyumbani, si mimi, si yeye. Kila mwaka mvua zikianza Mama hunikandia mafuta ya nazi pale paja linapouma, anakanda kimya kimya, akimaliza anaenda kuosha mikono. Sijawahi kumwuliza kwa nini hatukungoja barabara ifunguke. Sasa nililala namsikia anageuka upande wa pili wa pazia, nikajua anawachukia watu ambao hawakufanya kitu, dada wa watu ambaye alinifunga nilivyo, kwa vipande vidogo.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kituoni na kisu, selotepu mbili na tochi ya simu. Mlinzi wa maduka akaja na rungu lake, akaniona nimechuchumaa.

"Dada, mbona unamkata mtu mguu?"

"Naupunguza tu, baba."

Akabaki kunimulikia. Nikakata mshono wa juu, nikakata wa chini, pete ikatoka. Kuunganisha ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu ya umande, gundi ilikataa mara mbili, nikavua mtandio nikafutia. Nilipolisimamisha likaanguka. Nikalisimamisha tena, likaanguka tena, kwa upande ule ule ninaoangukia mimi. Ikabidi nifungue wayo wa kulia na kuongeza mchanga, mkono kwa mkono, mpaka likakubali: nyonga chini, bega chini, kichwa kimefuata. Daladala ya kwanza ya Kariakoo ikaingia, konda wetu yule yule kaning'inia mlangoni, akapiga kelele, "Kiguru na Njia! Mbona mapema hivyo leo?"

Nikataka kumjibu. Kumbe hakuwa ananiona, nilikuwa nyuma, chini, natafuta kifuniko cha kisu.

Jioni ile nilimwambia Mama ukweli, kwamba aliyeunyoosha ni mimi na si wao. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Aha," akaendelea kupepeta. Kesho yake nikaambiwa na vijana wa kijiweni kwamba mama yako alikuja akasimama pale muda mrefu, akampangusa vumbi yule Miss wenu kwa kanga.

Wiki tatu ziliisha na mvua za vuli zikatukuta tunaondoa. Jua lilikuwa limekwishaibabua ile nailoni, mishono imeanza kuachia, la konda lilikuwa limekatika mkono. Fundi saa aliomba la kwake, akaliweka kibandani kwake liwe linalinda akienda kuswali. Mengine tuliyakatakata. Wanunuzi wa chupa za plastiki waliyakataa kwa sababu ya gundi, dada akalazimika kukodi guta la kuyapeleka dampo, na hilo lilimuuma kuliko lawama zote za Frimasoni. Langu sikulitaka nyumbani, na Mama asingelitaka pia, kile chumba ndicho anachoswalia.

"Kwa hiyo hamna kilichobaki?" aliniuliza usiku ule.

"Hamna."

"Na kile ulichokitoa?"

Kilikuwa chini ya godoro, ndani ya kaunta buku ya tatu, kimebonyea. Nikamletea. Akakisogeza kwenye taa, akakipanua kikawa duara, akaingiza vidole vyake kwa upana, kimoja, cha pili, akapima kilichobaki kwa ukucha.

"Viwili na ushei," akasema. Akanyamaza. "Yule fundi aliniambia kimoja."

Akanirudishia, akaenda kuloweka mchele wa kesho.